Corolla 110 inazima ghafla ikipata joto: pima ikiwa imegoma, kontroli boksi isubiri

Swali: Nina Corolla 110 ya mwaka 1997, injini 5A-FE, gia za manyuo. Niko Morogoro. Nikitembea nusu saa au zaidi, hasa mchana wa jua kali au kwenye foleni, injini inazima ghafla kama mtu amegeuza funguo. Nikisubiri robo saa inawaka vizuri. Mara nyingine inazima nikipita kwenye tuta, lakini hapo inawaka papo hapo. Nimeshabadilishiwa pampu ya mafuta, plagi na betri, tatizo liko palepale. Sasa fundi anasema tununue kontroli boksi. Ninunue?

Jibu: Usinunue bado, ndugu. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, kwenye 5A-FE ni kifaa kigumu. Vinavyoharibika mara nyingi ni vile vinavyoilisha umeme na vile vinavyoiletea ishara. Isitoshe, umeshalipia pampu, plagi na betri bila mtu yeyote kukuambia ni kitu gani hasa kilikosekana injini ilipozima. Hilo ndilo swali la kwanza, na jibu lake liko ndani ya ile robo saa ambayo gari limegoma pembeni mwa barabara. Likishapoa na kufika gereji, kila kipimo kitasoma sawa, na hata fundi hodari atabaki kubahatisha.

Jambo la pili: maelezo yako yana dalili mbili, nami nashuku una magonjwa mawili. Gari linalozima kwa joto na kukubali baada ya kupoa lina kifaa ambacho waya au risasi yake ya kulehemu ya ndani inaachana ikipanuka: ignaita (swichi ya kielektroniki inayoipiga koili), koili (inayozalisha volti kubwa ya cheche), koili ndogo za sensa ndani ya distributa (kigawa cheche kwa plagi), au relei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Gari linalozima kwenye tuta na kuwaka papo hapo lina muunganiko uliolegea. Gari la umri huu linaweza kabisa kuwa na yote mawili, na ukitibu moja utadhani hujatibu kitu.

Weka kwenye gari multimita ya bei ya kawaida, taa ya kupimia ya volti 12, kipande cha waya kilichoambuliwa ncha zote mbili, plagi moja ya akiba na koleo yenye mipini ya plastiki. Hivyo vinatosha.

Likizima ukiwa kwenye mwendo, usichomoe funguo. Usukani utakuwa mzito, na breki itakuwa na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu kabla haijawa ngumu, kwa hiyo washa indiketa zote nne na uliache liteleze hadi pembeni. Kama dashibodi yako ina sindano ya mizunguko ya injini, itupie jicho wakati gari bado liko kwenye gia na magurudumu yanaizungusha injini. Ikianguka sifuri mara moja huku injini bado inazungushwa, mfumo wa cheche umekatika upande wa volti ndogo: umeme wa koili, ignaita, au sensa ya mzunguko. Ikishuka taratibu pamoja na mwendo wa gari, upande huo unafanya kazi, na unapaswa kufikiria petroli au upande wa volti kubwa wa koili.

Ukishasimama, funguo ikiwa bado kwenye ON, soma taa za dashibodi. Zikiwa zimekufa zote, hata ile nyekundu ya chaji, umeme mkuu umekatika: vichwa vya betri, fyuzi kubwa, swichi ya funguo au alamu. Zikiwaka zote isipokuwa ile ya njano ya injini, kompyuta haina umeme. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu wanadhani dashibodi ikiwaka basi swichi ya funguo ni nzima. Kwenye Toyota za kizazi hiki swichi ina njia mbili za ON. Moja inalisha dashibodi, nyingine inalisha koili, ignaita na relei kuu ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa na kompyuta). Njia ya pili ikichakaa, dashibodi itang'aa huku injini haina kitu. Kwa hiyo taa ya injini isipowaka, kagua fyuzi ya EFI ya ampia 15, relei kuu, na njia hiyo ya pili ya swichi. Taa zikiwaka zote, pamoja na ya injini, kompyuta iko hai. Tafuta cheche na petroli.

Kuhusu petroli, usitegemee kusikia pampu unapofungua funguo. Pampu ya gari hili huzunguka stata inapofanya kazi, kisha huendelea kwa sababu kompyuta inaona injini inazunguka. Ishara ya mzunguko ikipotea, pampu hukatwa baada ya sekunde mbili hivi. Mafundi wengi huikuta pampu imenyamaza wakaihukumu, kumbe imenyamaza kwa sababu imeamriwa inyamaze. Yawezekana kabisa pampu yako ya zamani ilikuwa nzima. Ipime hivi: chini ya boneti kuna kisanduku kidogo cheusi kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, unganisha tundu la FP na la +B kwa kipande chako cha waya, weka funguo ON. Pampu ikivuma upande wa tangi na bomba la mpira la petroli likikaza mkononi, pampu haina kesi, na waya wake kutoka kisandukuni hadi tangini pia ni mzima. Kilichobaki kwenye upande huo ni relei ya pampu na amri inayotoka kwenye kompyuta. Toa waya ukishapima.

Kuhusu cheche, chomoa waya mmoja wa plagi, ingiza plagi ya akiba, ishike kwa koleo chuma chake kiguse injini kwa uhakika, mwenzako azungushe stata sekunde mbili tu. Chomoa kwanza soketi za nozeli (vipulizia petroli) zote nne ili petroli isilowanishe mitungi. Cheche nzuri ni ya buluu na inasikika ikipiga. Ya rangi ya chungwa, nyembamba, ni dhaifu. Usikubali fundi azungushe injini waya wa plagi ukiwa unaning'inia hewani, kwa sababu volti ile ikikosa pa kutokea hutoboa koili au huua ignaita, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa.

Kama hakuna cheche, gusa waya wa chanya wa koili kwa taa ya kupimia, funguo ikiwa ON. Isipowaka, tatizo liko nyuma kuelekea swichi ya funguo. Ikiwaka, hamia upande wa hasi wa koili na zungusha stata. Taa ikimetameta, ignaita na sensa vinafanya kazi na koili inapigwa, ila volti kubwa haifiki kwenye plagi: koili yenyewe, kifuniko cha distributa au rota inayozunguka ndani yake. Taa isipometameta, ignaita imekufa au haipati amri.

Kompyuta pia huweka kumbukumbu. Kwenye kisanduku kilekile cha DIAGNOSIS unganisha tundu la TE1 na la E1, funguo ON, injini haijawashwa, mguu usiwe kwenye pedali ya mafuta. Taa ya injini itaanza kumeta. Ikimeta mfululizo kwa mwendo uleule, mara mbili kila sekunde, hakuna kosa lililohifadhiwa. Vinginevyo hesabu: mmeto mmoja, pumziko la sekunde moja na nusu, mimeto minne, hiyo ni 14. Namba 12 na 13 zinahusu ishara za mzunguko kutoka kwenye distributa. Namba 14 inahusu ishara ya uthibitisho ambayo ignaita huirudishia kompyuta baada ya kila cheche. Ikikosekana, kompyuta hukata nozeli kwa makusudi ili petroli isiingie kwenye injini isiyo na cheche. Kwa dalili zako, 14 ndiyo ninayoitarajia. Lakini kutokuwa na namba hakumaanishi hakuna ugonjwa: kompyuta ikinyimwa umeme ghafla haipati nafasi ya kuandika lolote, na koili ikifa upande wa volti kubwa ignaita bado inaweza kurudisha uthibitisho kama kawaida.

Sasa, kuna njia ambayo ningekuwekea ya kwanza kabisa kwa gari linalozima kwa kuviziana, kwa sababu inakufanyia kipimo ukiwa unaendesha. Nunua balbu tatu ndogo za wati 3 hadi 5 na soketi zake. Vuta nyaya tatu kutoka chini ya boneti hadi ndani ya gari: ya kwanza kutoka chanya ya koili, ya pili kutoka tundu la +B, ya tatu kutoka tundu la FP. Kila waya uweke fyuzi ya ampia 2 au 3 karibu na chanzo chake, kwa sababu waya usio na fyuzi ukisuguliwa na bodi unaleta shoti na moto. Upande wa pili wa kila balbu uushike kwenye bodi. Zibandike mahali unapoziona bila kugeuza shingo, ziandike namba, kisha endesha kama siku zote. Injini ikizunguka, zote tatu zinawaka.

Siku itakapozima, zitakuonyesha pa kwenda. Ya kwanza na ya pili zikizima pamoja, ni swichi ya funguo, fyuzi yake, au alamu iliyounganishwa humo. Ya kwanza ikizima peke yake, fuata waya kati ya swichi na koili. Ya pili ikizima huku ya kwanza inawaka, ni relei kuu ya EFI au fyuzi yake. Ya tatu inahitaji umakini: ikizima kabla injini haijakata, ukahisi gari linakosa nguvu na kukohoa kwanza, ni relei ya pampu. Ikizima sekunde moja mbili baada ya injini kukata, hiyo ni kompyuta imekata pampu kwa sababu injini imesimama, usiishughulikie. Na kama zote tatu zinawaka mpaka injini inapokata, umeme wa kulisha upo wote, kwa hiyo mtafutwa ni ignaita, koili au sensa za distributa.

Kwa upande wa joto, anza na distributa. Kifuniko chake kikiwa na nyaya nne tu za plagi, koili imo ndani. Kikiwa na waya wa tano katikati, koili iko nje. Fungua kifuniko utazame kama kuna oili ndani. Sili ya shafti ya distributa kwenye injini hizi huchoka, oili huingia na kuchafua kila kitu, na koili iliyomo ndani hupikwa na joto la injini mchana kutwa. Koili ya ndani ikiwa baridi inapaswa kusoma kati ya omu 1.1 na 1.75 upande wa volti ndogo, na kati ya omu 9,000 na 15,700 upande wa volti kubwa. Koili za sensa, mojawapo husoma omu 185 hadi 275, nyingine omu 370 hadi 550. Nyaya za plagi, kila mmoja usizidi omu 25,000.

Vipimo hivyo vya ubaridi peke yake havitoshi kwa gari lako, maana likiwa baridi halina ugonjwa. Vipashe moto kwa draya ya nywele huku multimita imeunganishwa. Namba itapanda kidogo kidogo, hiyo ni kawaida ya waya wa shaba. Ikiruka ghafla au mita ikasoma kwamba njia imekatika, umempata. Ignaita haipimiki kwa omu, kwa hiyo ipashe moto injini ikiwa inanguruma taratibu. Ikizima kwa draya, na ikawaka baada ya kuifunika kitambaa kilichokamuliwa maji ya baridi kwa dakika chache, jibu unalo. Usimwage maji.

Ignaita ya mtumba inafaa, mradi ulinganishe namba iliyopigwa mgongoni mwake na ya kwako herufi kwa herufi, na ukubaliane na muuzaji kuirudisha. Ukiifunga, sugua kwa msasa chuma kinachoikalia na kaza skrubu zake vizuri, kwa sababu ubao ule wa chuma ndio unaotoa joto na mara nyingi ndio njia yake ya hasi. Ignaita iliyofungwa kwa skrubu moja juu ya kutu itakufa tena.

Relei kuu na relei ya pampu nazo zikague kwa macho. Bandua kifuniko cha plastiki utazame chini ya miguu yake: risasi iliyopasuka huonyesha kijiduara cheusi kuzunguka mguu. Irudishie risasi au weka nyingine. Kuigonga kwa mpini wa bisibisi injini ikizunguka kunatosha kukuambia kama imelegea.

Tuta ni habari ya mikono. Injini ikiwa inanguruma, tikisa kimoja kimoja: vichwa vya betri, waya mnene wa hasi pale unaposhika bodi na pale unaposhika gia boksi, soketi ya distributa, soketi ya sensa ya presha ya hewa, kundi la nyaya linalopita karibu na betri. Kisha shika funguo uichezeshe kwenye ON bila kuizungusha. Kama umening'iniza funguo za nyumba, za duka na kipambo cha ngozi, zitoe leo. Uzito ule hula swichi. Betri imebadilishwa juzi, na kichwa cha betri kilichorudishwa bila kukazwa ni kosa la kawaida: kisizunguke kabisa kwa mkono. Ukungu mweupe au wa kijani uoshe kwa maji ya moto yenye magadi soda kidogo, kausha, sugua kwa msasa hadi chuma king'ae, kisha kaza kwa spana namba 10.

Macho hayaoni muunganiko mbovu uliojificha ndani ya waya, ila multimita inauona. Weka kwenye volti, ncha moja kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kisafi cha injini, mwenzako azungushe stata. Ikizidi volti 0.5, waya wa hasi au mahali uliposhikwa pana kasoro. Rudia injini ikizunguka, taa kubwa na feni vikiwa vimewashwa: isizidi 0.2. Kwa njia ya chanya, funguo ON, pima kati ya nguzo ya chanya ya betri na chanya ya koili. Ukipata zaidi ya volti 1, kuna mahali njiani umeme unakwama, na mara nyingi ni ndani ya swichi ya funguo. Altaneta nayo isome volti 13.5 hadi 14.8 injini ikizunguka. Pima tu, wala usiruhusu mtu achomoe kichwa cha betri injini ikizunguka ili kuona kama altaneta inachaji. Volti huruka juu kwa ghafla, na hapo ndipo kontroli boksi nzima inapokufa kweli.

Nimeiweka alamu mwisho, lakini kwa gari la huku ningeikagua siku ya kwanza. Alamu nyingi, na vifaa vya kufuatilia gari pia, hufungwa kwa kukata waya wa koili au wa pampu na kuupitisha kwenye relei ndogo chini ya dashibodi. Waya husokotwa kwa vidole na kuviringishwa tepu. Baada ya miaka ya joto tepu inateleza, shaba inaoza, na relei ile ndogo inapika miguu yake. Yaani kifaa kilichowekwa kuzima injini mwizi akija kinazima injini mwenye gari akipita tuta. Toa paneli ya chini ya usukani, tafuta kila tepu isiyo ya kiwandani, iguse uone kama ina joto baada ya safari. Waya uliokatwa urudishe moja kwa moja kama ulivyotoka kiwandani: ambua sentimita 2 kila upande, unganisha, lehemu kwa risasi, vika mpira unaojikaza kwa moto. Ukitaka alamu ibaki, ibaki na king'ora na milango, isiguse waya wa koili wala wa pampu.

Usikubali pia fyuzi ya EFI ibadilishwe kwa ya ampia 30 au kipande cha waya kwa sababu ile ya 15 iliungua. Ikiungua, kuna waya unagusa bodi, na waya ule ndio utakaotafuta njia ya kutoa moshi.

Kwa gari lako, fuata mpangilio huu. Leo: vichwa vya betri, waya wa hasi, funguo nyepesi, alamu. Kesho: balbu tatu, na usome namba kwa TE1 na E1 kabla hujaendesha. Ziandike, kisha futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI dakika moja, ili ukipata namba baada ya kuzima ujue ni ya siku hiyo. Likizima, soma balbu, pima cheche, ndipo ununue kitu. Gari likianza kuzima pale tu unapolisimamisha kwenye taa za barabarani, bila kuzima kwenye mwendo, huo ni ugonjwa mwingine wa vali ya kuongoza hewa ya mzunguko wa chini, unaoanza kwa kusafisha mdomo wa kuingizia hewa. Baada ya matengenezo acha balbu zikae hadi umepita safari kadhaa za mchana wa jua na foleni, kwa kuwa ukiwa na magonjwa mawili, la pili litajitokeza humo.